Saa 12 ipi?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Desemba iliyopita nilikuwa naenda Tanga kwenye harusi ya mtoto wa shangazi, tiketi nikakata kwa simu siku tatu kabla maana mabasi ya mwisho wa mwaka mnayajua, ukizembea unasafiri umekalia ndoo. Meseji ikaja chap, jina langu, namba ya siti, na muda wa kuondoka, 12:00. Basi mi nikalala vizuri kabisa, asubuhi nikapiga pasi gauni la harusi, nikanywa chai taratibu, nikamuaga jirani, mpaka saa tano na nusu nishafika stendi ya Magufuli pale Mbezi na begi langu na mfuko wa zawadi, najiona nimewahi kuliko watu wote. Nikamwonyesha kijana wa dirishani ile meseji. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akaiangalia tena, af akasema kwa upole ambao ndo ulinimaliza kabisa, "Dada, hili basi saa hizi linakata kona Segera."

Nikabisha, si mnajua mtu akiwa amekosea anavyobisha. Nikamwambia wameandika 12:00. Akasema ndio dada, kumi na mbili, na kumi na mbili limeondoka. Nikasema sasa hii si sita mchana jamani? Kijana akacheka, hakunicheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeshangaa kweli, akaniuliza, "Sita umeiona wapi hapo?"

Nikaangalia ile simu. Wallahi hakuna sita. Kuna moja, kuna mbili, kuna masifuri mawili. Mi nilikuwa nimeona sita mchana kwa macho yangu siku tatu mfululizo na haikuwepo.

Nikalipa nauli upya, nikapata basi la mchana, siti ya nyuma juu ya tairi, na safari ya masaa sita na ushee ni ndefu kwa mtu mwenye hasira, kwa hiyo nikawa nafikiria tu. Nilichojiuliza kwanza ni mimi nimeanza lini kusoma saa kama mzungu. Nimezaliwa Tanga, bibi yangu wa Pangani, nyumbani hatukuwahi kusema saa kwa Kiingereza. Ila miaka sita sasa nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kutwa nasoma imeili za wateja wa nje, meli inaingia 14:00, nyaraka zifike kabla ya 12:00, na kumbe polepole jicho limehamia huko bila kuniaga. Mdomo bado ni wa Tanga. Ukiniuliza kwa sauti tunaondoka saa ngapi ningesema kumi na mbili asubuhi bila kufikiri, lakini ukiniandikia tarakimu kwenye kioo cha simu nakuwa mtu mwingine.

Sasa hili jambo la saa kama ukilikalia chini linachekesha sana, maana sisi tumefundishwa tangu wadogo kuangalia kitu kimoja na kukiita kingine na hatuoni shida. Baba alikuwa na saa ya ukutani sebuleni, ile ya duara yenye tarakimu kubwa, na alinifundisha kuisoma hivi: angalia mshale mfupi umeelekea wapi, af usisome hapo, soma upande wa pili, mkiani. Umeelekea 2, ng'ambo yake kuna 8, basi ni saa nane. Umeelekea 4, ng'ambo kuna 10, saa kumi hiyo. Nikaelewa siku ileile. Shuleni mwalimu wa Kiingereza akaja akasema hii ni tuu oklok, darasa zima tukaitikia tuu oklok, kengele ya saa nane ikagonga tukatoka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza mwalimu, sasa ni mbili au ni nane? Zilikuwa zote. Mbili ya Kiingereza ilikaa kwenye daftari la Kiingereza, nane ikabaki tumboni na njaa yake.

Watu wa nje huwa wanasema Waswahili wamechelewesha saa masaa sita, na hata sisi wenyewe tunawaelezea hivohivo, toa sita, jumlisha sita. Mi sipendi yale maelezo, yanafanya ionekane kama saa ya kweli ni ile yao af sisi tumeipindisha. Hakuna aliyepindisha kitu. Sisi tumeanza kuhesabu jua linapotoka, lisaa la kwanza likiisha ndo saa moja, kumi na mbili zikiisha jua limezama, unaanza upya na usiku. Wao wameanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wote wamelala, hakuna anayeona chochote, eti hapo ndo siku mpya imeingia. Nikimwelezea bibi marehemu alikuwa ananiuliza, sasa nani alikuwa macho akaiona ikiingia?

Lakini nao ukiwaweka kwao unawaelewa. Hapa kwetu jua halina mbwembwe, Dar linachomoza karibu karibu na kumi na mbili Januari mpaka Desemba, tofauti ya mwaka mzima haifiki hata lisaa. Mtu wa London akisema ahesabu kuanzia jua linapotoka amekwisha, Desemba jua lake linatoka kwenye saa mbili asubuhi na saa kumi jioni haijafika limeshazama, Juni linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linazama saa tatu usiku na watu wanakunywa chai nje. Saa moja yake ingekuwa inahama kila wiki kama mpangaji asiyelipa kodi. Kwa hiyo yeye ametafuta sehemu isiyohama akaikuta usiku wa manane. Kila mtu na jua lake. Na si sisi peke yetu, Waethiopia wanahesabu masaa kuanzia asubuhi kama sisi, Waganda hivohivo, na Mnyarwanda akikwambia saa mbili za asubuhi anamaanisha saa mbili yako wewe na mimi.

Ila tusijipongeze sana, maana hata hiyo saa yetu ya jua si ya jua. Hili nilielezwa na mjomba aliyekaa Kigoma miaka mingi, nilidhani ananipiga kamba mpaka nilipopiga hesabu mwenyewe. Saa ya Afrika Mashariki ni masaa matatu mbele ya Greenwich, pale London dunia inapoanzia kuhesabu saa zake, na masaa matatu ni nyuzi 45 za longitudo, ukiufuata huo mstari kwenye ramani haupiti Dar, haupiti Nairobi, haupiti Dodoma, unapita karibu kabisa na Mogadishu. Yaani Tanzania nzima tunatumia jua la Mogadishu. Dar ikigonga saa sita kamili jua bado halijafika utosini, kwa wastani linafika kama saa sita na dakika 23, na ndo maana ile ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini haikuambii adhuhuri inaingia saa sita juu ya alama. Kigoma sasa ndo kituko, jua linafika utosini saa saba. Mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi Kigoma ni giza, watoto wa shule wanatoka na tochi, jua linachomoza saa moja imeshapita. Mjomba anasema alipohamia kule miezi ya kwanza alikuwa anaona watu wa Kigoma wanachelewa kuamka. Kumbe wanaamka na jua kama watu wote, waliowahi ni saa ya serikali.

Na vuka mpaka nenda Bujumbura. Bujumbura na Kigoma ziko karibu longitudo moja, zote pembeni ya ziwa lilelile, jua linazitokea karibu dakika ileile, lakini Burundi wako masaa mawili mbele ya Greenwich sisi matatu, kwa hiyo mvuvi wa huku saa yake inasema saa mbili na wa kule inasema saa moja na wanaangaliana. Af kuna hii ya Kenya enzi za ukoloni, kuna kipindi walikuwa masaa mawili na dakika 45 mbele ya Greenwich, hebu fikiria dakika 45, mtu kakaa ofisini na kalamu kaamua.

Nimekwenda mbali. Nilitaka kusema hivi, kwenye lile basi nilianza kuona kwamba ugomvi wangu na yule kijana haukuwa kuhusu basi wala kuhusu tarakimu. Wote tuliona 12. Tulitofautiana pa kuanzia kuhesabu, na pa kuanzia hapaandikwi. Meseji haina nafasi ya kuandika "kuanzia alfajiri", kwa sababu aliyeiandika haioni kama ni habari, kwake ni kama kuandika kwamba basi lina matairi. Na mimi niliyesoma sikuona kama nimechagua kitu, nilidhani nimesoma tu.

Nikaanza kukumbuka mengine. Shemeji yangu ni Mlutheri wa Lushoto, aliwahi kutuhadithia kwenye funzo lao la Biblia kijana mmoja alikuwa anasoma kwenye simu kwa Kiingereza, wakafika pale Yesu msalabani, giza kuanzia saa sita mpaka saa tisa. Wazee wenye Biblia ya Kiswahili wanasoma na kupita, sita mpaka tisa, mchana kweupe jua likawa giza, ajabu yenyewe ndo hiyo. Kijana kakwama. Yeye alikuwa anajiuliza muujiza uko wapi, giza la saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku si la kawaida? Wale wazee wakamcheka sana. Wayahudi na Warumi wa wakati ule walikuwa wanahesabu masaa ya mchana kuanzia asubuhi, kwa hiyo hesabu ya Biblia ni hesabu ya bibi yangu, Mswahili anaisoma kama gazeti la jana na Mwingereza anahitaji maelezo chini ya ukurasa. Na wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa kumi na moja, ukisoma Kiswahili unawaona kabisa, jioni ile, kivuli kirefu, limebaki lisaa limoja la kazi, na wanalipwa sawa na walioanza asubuhi, unasikia hasira ya wenzao mwilini. Hilo hutafsiriwi, unalo.

Haya, na siku inaanza lini? Kwa bibi siku ilikuwa inaanza magharibi. Jua likizama imeingia kesho. Kwa hiyo akisema usiku wa Ijumaa anamaanisha usiku ule ambao sisi wa mjini tunauita Alhamisi usiku. Mwaka mmoja kulikuwa na khitma Pangani, bibi akatuma neno dua ni usiku wa Ijumaa, watu wa Dar wakapanga gari wakaondoka Ijumaa mchana, wakafika magharibi na kanzu zao wamekuta masufuria yameshaoshwa na paka wamelala. Mjomba mkubwa alinuna mwezi mzima anasema bibi amezeeka anachanganya siku. Bibi naye akasema watoto wamekaa mjini mpaka wamesahau usiku ni wa siku gani. Nikimkumbuka leo nasema hakuchanganya chochote, yule ndo alikuwa amenyooka kuliko sisi, maana kwake usiku unatangulia na mchana unafuata, siku zote. Sisi tuna siku iliyokatwa vipande viwili vya usiku, kimoja mwanzo kimoja mwisho. Na mabaki ya hesabu yake tunayo mpaka leo kwenye taarifa ya habari, ajali imetokea usiku wa kuamkia leo. Tungekuwa tunaamini kweli siku inaanza saa sita usiku tungehitaji neno la kuamkia la nini?

Hata wiki ukiichungulia ina vichekesho vyake. Jumamosi, mosi. Jumapili, ya pili. Tatu, nne, tano, hapo tumefika Jumatano, af inakuja Alhamisi, ambayo ni neno la Kiarabu linalotoka kwenye tano! Mwarabu kaanza kuhesabu Jumapili, kwake Alhamisi ni ya tano, sisi tumeanza Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa, tukafika tano mapema, tukachoka kuhesabu tukaazima ya kwake tukaiunganisha hapohapo. Tuna wiki yenye tano mbili mfululizo na hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Na Jumatatu hiyo unayoichukia, kwetu ni ya tatu, kwa Wareno waliotujengea Fort Jesus jina lake ni siku ya pili, na kwenye kalenda ya ofisini kwangu ndo ya kwanza. Miezi nayo hivohivo, watu wa pwani wa zamani hawakuhesabu mwaka wa Kiislamu kuanzia Muharamu, walihesabu kuanzia Ramadhani inapoisha, Mfungo Mosi ndo Shawwal, ukifika Mfungo Sita unasoma Maulidi. Kwao mwezi uliogawa mwaka ni ule waliofunga. Unaona mtu anapoanzia kuhesabu unajua anachokithamini, mwenye shamba anaanzia mvua, mwenye mshahara anaanzia tarehe ishirini na tano.

Ila hapa kwenye mwezi ndo pazito, na ndo pameniuma zaidi kwa sababu kwetu pameshavunja Idd. Familia yetu tuna wale wa mwezi wa hapa, mpaka uonekane nchini au nchi jirani atangaze Mufti, na tuna wale wa mwezi wa kimataifa, ukionekana popote duniani umeonekana. Kuna mwaka nyumba moja, sinia moja la pilau liko mezani, nusu ya watu wanakula Idd na nusu wamefunga wanaangalia pembeni, na shangazi kasusa hataki kusalimia mtu. Nilipokuwa msichana niliona ni ukaidi tu, mwezi si mmoja huo, tokeni nje muangalie.

Mwezi ni mmoja kweli. Ule wakati mwezi unapopita kati ya jua na dunia na kuanza upya ni wakati mmoja kwa dunia nzima, na wanajimu wanaupiga hesabu mpaka dakika miaka mia mbele, hapo hakuna ubishi. Lakini huo haukuwahi kuwa mwezi wa kufunga, huo hauonekani. Mwezi wa kufunga ni ule uzi mwembamba unaoonekana magharibi baada ya jua kuzama, na huo uzi unahitaji muda ukue kidogo, na kadri unavyokwenda magharibi jua linachelewa kuzama, mwezi unapata masaa zaidi, kwa hiyo inawezekana kabisa jioni ileile sisi hatuna mwezi na mtu wa Morocco anao, na wote hatujasema uongo. Sasa swali linabaki, jicho la nani? Na hilo si swali la macho tena. Anayesema mwezi wowote unatosha anathamini umma kuwa kitu kimoja, anaona mipaka tumechorewa na wakoloni, iweje Mwislamu wa Horohoro afunge na wa Lungalunga, hatua chache tu, ale? Anayesema mwezi wa hapa anathamini kushuhudia, jirani yako unayemjua katoka nje kaona kaapa, si tangazo la redio kutoka mji ambao hujawahi kufika. Mi nimewasikiliza wote kwa miaka na sioni mjinga hapo.

Na si mambo ya leo. Kuna ile hadithi ya Kuraib, mtu wa Madina wa zama za maswahaba, alikwenda Sham, upande wa Syria ya leo, mwezi wa Ramadhani ukaandama akiwa huko, wakauona usiku wa Ijumaa, Muawiya mtawala wa huko akafunga na watu wakafunga. Kurudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas, swahaba wa Mtume, akamuuliza mliuona lini, akasema usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akasema sisi tumeuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka zitimie thelathini au tuuone. Kuraib akauliza, haikutoshi kuona kwake Muawiya? Akasema hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Hii hadithi kila upande unaijua na kila upande una namna ya kuielewa. Mi kilichonishtua safari hii ni kidogo zaidi, nilikuwa siku zote naisoma nikimwona Kuraib kasimama nje Ijumaa jioni baada ya siku nzima ya Ijumaa kuisha. Kumbe usiku wa Ijumaa ni ule wa bibi! Ni Alhamisi magharibi. Miaka yote hiyo nimemsimamisha mtu wa watu nje usiku usio wake.

Mama mdogo yuko Muscat tangu miaka ya tisini, mtoto wake wa kiume anafanya kazi Jeddah. Mwaka 2024 Saudia walianza kufunga Jumatatu tarehe 11 Machi, Oman wakasema hatujauona, wakaanza Jumanne tarehe 12. Mama mdogo anatuma sauti kwenye grupu la familia, mtoto kafunga mi bado nakula, nchi zimepakana hizi! Af mwisho wa mwezi Saudia wakakosa mwezi wakatimiza thelathini, Oman wakauona siku ya ishirini na tisa, wote wakala Idd Jumatano tarehe 10 Aprili. Mtoto thelathini, mama ishirini na tisa, Idd moja. Mama mdogo akasema Mungu kamhurumia kwa sababu ya magoti. Shangazi huku Tanga akajibu kwa sauti ya dakika nne ambayo sitaiweka hapa.

Sasa kuna watu nikiwahadithia haya wanarukia mwisho, wanasema kwa hiyo hakuna ukweli, kila mtu na ukweli wake. Mi hapo naweka breki. Basi liliondoka. Lile basi halikuwa na mtazamo, lilikuwa na dereva, konda na abiria hamsini na kitu, na mimi sikuwemo. Jua la Kigoma linatoka linapotoka hata mkurugenzi aandike nini. Ukweli upo na unauma mfukoni, nauli mara mbili nimelipa mimi. Kitu ambacho hakipo ni ile namba peke yake, 12 iliyosimama tu hewani bila mtu aliyeanza kuhesabu kutoka sehemu fulani kwa sababu fulani. Ndo maana hata hili neno la dharau, saa za Kiswahili, mtu akichelewa lisaa eti anatumia saa za Kiswahili, linanikera. Fundi akikwambia nakuja asubuhi na akatokea saa tano hajakudanganya, asubuhi yake haijaisha, asubuhi ni kipande cha siku, wewe ndo umeisikia kama saa mbili kamili. (Akija saa tisa ni mwongo, hapo sina utetezi.) Ofisini bosi wetu alikuwa anapenda sana huo utani wa saa za Kiswahili mpaka siku mteja wa nje alipoandika mkutano wa 8:00, na yeye bosi mwenyewe, mtoto wa Muheza, akatokea saa nane mchana na suti yake. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Ila hakuusema tena ule utani.

Wakorea Kusini wao walikuwa wanazaliwa na mwaka mmoja tayari, na ikifika Januari mosi kila mtu anaongeza mwaka, mtoto aliyezaliwa Desemba 31 kesho yake ana miaka miwili. Mwezi wa sita 2023 sheria ikabadilishwa, watu wakaamka wamepungua mwaka, wengine miwili. Nilimsomea shangazi akasema hiyo sheria iletwe huku haraka.

Harusi niliikuta, nilifika usiku, nikakuta ndo kwanza wanapamba, maana kadi ilisema saa mbili na watu wa Tanga wanajua saa mbili ya kadi. Jumapili nikawa na safari ya kurudi. Safari hii sikutaka meseji, nikapiga simu.

"Basi la Dar saa ngapi?"

"Saa mbili dada."

"Mbili ya asubuhi?"

"Eeh."

"Yaani nane... hapana, yaani mbili mbili? Kuanzia alfajiri?"

Kimya kidogo. Nikasikia anamwambia mwenzake kuna mtu hapa anauliza mbili ya kuanzia wapi.

"Dada," akasema, "njoo tu mapema."

Saa moja nipo stendi. Basi likaondoka saa tatu kasoro robo.